SOMO: Sanamu ya vyuma chakavu kuhusu wahamiaji wa Mbeya

Naulizwa kila mara sanamu ya namna hii inatengenezwaje, nimechoka kujibu mmoja mmoja. Soma lote kabla ya kuuliza.

1. Chagua watu kwanza, vyuma baadaye. Mbeya ilianza 1927, na miaka ya 1930 dhahabu ya Lupa kule Chunya ikavuta watu: vibarua wa Nyasaland (Malawi ya leo), wenye maduka wa Kihindi, wachimbaji wa Kizungu. Shika kundi moja.

2. Pita kwa wauza chakavu, Mwanjelwa na kwingineko. Patana bei kwa kilo.

3. Kisome kitu kabla hujakisafisha. Hapa ndipo kazi nyingi zinapoharibika. Chukua kichwa cha cherehani cha zamani: rangi nyeusi imelika pale kiganja cha fundi kilipokuwa kikiegemea, maua ya dhahabu yamebaki upande wa nyuma tu. Fundi aliyeshona barazani kwenye duka la Uhindini hakuandikwa popote; rangi hiyo iliyolika ndiyo kumbukumbu yake. Ukiipitishia grenda, umemfuta mara ya pili. ANGALIZO: brashi laini kavu tu. Usipige msasa wala usipake rangi mpya. Muulize muuzaji kilitoka nyumba gani, kisha watafute wazee wa mtaa huo, uandike siku hiyohiyo.

4. Panga chini, piga picha, panga upya.

5. Unganisha kwa boliti na waya kwanza, welding baadaye. Kichwa cha cherehani ni chuma cha kusubu, ukikichomelea kwa fimbo za kawaida kinapasuka. Mabati yana zinki na moshi wake unaleta homa, chomelea nje penye upepo.

6. Paka nta ya nyuki. Mvua za huku hazina huruma na chuma.

MASWALI

Kijana wa Soweto: Mkuu, historia sina muda nayo. Nipe tu vipimo.
Jibu: Hakuna vipimo. Rudi hatua ya 3.

Fundi Iyunga: Kuna jamaa anauza boliti za reli ya TAZARA, nichukue?
Jibu: Usiguse. Hiyo ni miundombinu, treni inapita juu yake, na ukikamatwa nazo ni kesi. Kama unataka habari za Wachina waliojenga reli 1970 hadi 1975, tafuta vibarua wa Kitanzania waliofanya nao kazi. Wengine bado wana vikombe vya bati.

Mama Tukuyu: Ndaga fijo, mwalimu. Babu yangu alitoka Nyasaland kufuata dhahabu Lupa. Mama amebaki na karai lake. Nianzie wapi?
Jibu: Shikamoo mama. Anza na mama yako. Mpe karai alishike huku anasimulia, na simu irekodi. Akichomekea Kinyanja, andika kama anavyotamka. Karai usilitoboe: litengenezee kikalio cha waya ili familia iweze kulichukua siku yoyote. Likikamilika niletee picha, nitafurahi sana kuliona.

Mzee Uyole: Je, mlango wa nakshi?
Jibu: Mzee wangu, mlango au fremu iliyochongwa kabla ya 1940 inalindwa na Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964. Usiikate, waulize kwanza Idara ya Mambo ya Kale.

Kijana wa Soweto: Sawa, nimerudi hatua ya 3. Nati ya cherehani imeganda na kutu, sitaki kukwangua.
Jibu: Hilo sasa ni swali. Idondoshee mafuta ya taa, iache usiku kucha, asubuhi igonge kidogo kwa nyundo ya mbao. Ila yasifike kwenye maua.