Seva ya bao: piga hesabu kabla ya kukodi

Nilipoanza kutengeneza bao la kuchezwa na watu wawili kwenye simu, nilikodi seva nono, yaani kompyuta ya mtandaoni ya kuunganisha wachezaji, kwa woga tu. Miezi mitatu nikalipia hewa.

Anza na kalamu. Bao lina mashimo 32, kwa hiyo hali yote ya mchezo inaenea kwenye ujumbe wa baiti 100. Wachezaji 500, kila mmoja akicheza mara moja kila sekunde 10, ni jumbe 50 kwa sekunde, na kila mmoja unakwenda kwa watu wawili. Hiyo ni kilobaiti 10 kwa sekunde, kama gigabaiti 26 kwa mwezi. Seva ya dola 5 kwa mwezi inabeba.

Mbio za magari ni habari nyingine. Chumba cha watu 10, kila mmoja akipelekewa baiti 200 mara 20 kwa sekunde, kinakula kilobaiti 40 kwa sekunde. Vyumba 50 vikijaa, ni gigabaiti 7.2 kwa saa. Hapo bei ya mashine iache kwanza, tazama bei ya data inayotoka. Inayoingia kwa kawaida haitozwi.

Kete zihesabiwe kwenye seva. Simu itume tu "shimo la 5, kulia", la sivyo mjanja atajiongezea kete. Na bando likikata katikati ya mtaji (zamu ya kula kete), mshikie mchezaji nafasi yake dakika 2. Mjomba wangu alikatikiwa akiwa anashinda, akanipigia saa tano usiku kunisuta.