Rufaa ya jinai Nairobi: kipi hulipiwa, kipi ni bure

Ndugu yako akihukumiwa kifungo na hakimu katika mahakama ya Milimani, Makadara au Kibera, una siku 14 tangu adhabu itolewe. Ndani ya siku hizo ombi la rufaa liwe limewasilishwa Mahakama Kuu. Familia nyingi huzimaliza siku zenyewe zikichanga pesa. Usingoje mchango.

Kuna karatasi mbili ambazo watu huzichanganya. Nakala ya hukumu ni bure: kifungu cha 170 cha Sheria ya Utaratibu wa Makosa ya Jinai kinataka mshtakiwa akiiomba apewe bila kukawia na bila malipo. Mwenendo wa kesi, yaani prosidingi, ndio hulipiwa. Hapo ndimo yamo maneno ya mashahidi wote, kwa hiyo huwa kurasa nyingi. Katiba ya 2010, Ibara ya 50(5), inaruhusu ada hiyo mradi iwe ya kadiri na imewekwa kisheria, na Ibara ya 48 inakataza ada kumfungia mtu mlango wa haki. Ukitajiwa bei moja ya karatasi zote mbili, omba uonyeshwe prosidingi peke yake ni shilingi ngapi.

Ziombe zote kwa barua siku ile ile ya hukumu. Andika namba ya kesi, jina la mshtakiwa kama lilivyo kwenye hati ya mashtaka, jina la hakimu, tarehe na simu yako. Peleka nakala mbili masjala. Moja ibaki, nyingine igongwe muhuri wa tarehe urudi nayo nyumbani. Itunze sana. Kifungu cha 349 kinaitaka Mahakama Kuu ipokee rufaa iliyochelewa kwa sababu nakala hazikupatikana kwa wakati baada ya kuombwa, na muhuri huo ndio ushahidi kwamba uliomba.

Ombi lenyewe liwe na sahihi, anwani na makosa ya hakimu, moja moja. "Sikutendewa haki" haitoshi. Afadhali: "Hakimu alikosea kumwamini shahidi mmoja aliyesema alinitambua usiku, bila kuuliza kulikuwa na mwanga gani." Aliyekiri kosa hupinga adhabu tu, ukubwa wake au uhalali wake.

Aliye Kamiti, Industrial Area au Lang'ata humkabidhi ombi msimamizi wa gereza, naye hulipeleka kwa msajili wa Mahakama Kuu. Kifungu cha 351 hakitaji malipo yoyote kwa kazi hiyo. Aliye nje huwasilisha kwa mtandao wa Mahakama na kulipa kulingana na ankara. Namba ya ankara iingizwe bila kukosea, maana tarakimu moja ikipotoka pesa huweza kutoka kwenye simu na faili ikabaki inadaiwa. Usimpe mtu wa koridoni hata shilingi. Asiye na risiti hajalipa.

Faini si ada ya rufaa, na pesa taslimu za dhamana si ada pia. Dhamana ya kungoja rufaa huombwa kando, chini ya kifungu cha 357, na pesa zake hurudishwa masharti yakitimizwa. Asiye na uwezo wa wakili aombe msaada chini ya Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2016.

Kabla ndugu yako hajatia sahihi ombi, mwambie wazi: kifungu cha 354 kinaipa Mahakama Kuu uwezo wa kupunguza kifungo, na wa kukiongeza pia.