Namna ya Kugeuza Taarab ya Mono kuwa Stirio kwa Toleo Jipya

Rekodi ya mono ina chaneli moja tu, na ndani yake hamna kushoto wala kulia kulikofichwa kunakongoja kufichuliwa. Kwa hiyo anayetaka kutoa upya santuri za zamani za taarab kwa stirio ajue kuwa upana huo wa kushoto na kulia anautunga yeye, na autunge kwa njia inayoweza kutenguliwa.

Kazi huanzia kwenye santuri yenyewe, ambayo kwa unyevu wa Mombasa mara nyingi huwa na ukungu. Ioshwe kwa maji yaliyokenekwa yenye tone la sabuni laini, kwani maji ya visima vyetu huacha chumvi katika mifereji. Na zile za kale zinazozunguka mara 78 kwa dakika zisiguswe kwa spiriti, maana lakiri zilizotengenezwa nayo huyeyuka. Hizo hutaka sindano pana ya takriban mikromita 75, ilhali santuri za mono za baadaye hutosheka na 25.

Rekodi chaneli zote mbili za kinanda cha santuri, kisha zijumlishe ziwe moja. Mfereji wa mono huichezesha sindano kando kwa kando tu, hivyo makelele yanayotokana na mwendo wa juu na chini hujifuta yenyewe. Nakala hii ihifadhiwe kando, isiguswe tena. Katika kuondoa mikwaruzo kuwa na kiasi: programu hudhani kila mdonoo wa udi ni mkwaruzo, na ukiiachia itakurudishia udi usio na kucha.

Mwaka 1961 kampuni ya Capitol ya Marekani ilianza kutoa santuri za mono zilizogeuzwa stirio, ilizoziita Duophonic, ambamo besi ilizidishwa upande mmoja, sauti nyembamba upande wa pili, na chaneli moja ikacheleweshwa kidogo. Rekodi nyingi za bluzi nazo zilitolewa upya kwa mbinu za jinsi hiyo. Ubaya wake hudhihirika chaneli zikiunganishwa kwenye redio ndogo, kwani baadhi ya mawimbi hufutana na mwimbaji akasikika kama anaimbia ndani ya tangi.

Njia ninayoipendelea ni hii. Iache mono katikati, iwe sawa pande zote. Chukua nakala yake, ondoa besi yote iliyo chini ya hatsi 200 (mitetemo 200 kwa sekunde), icheleweshe kwa milisekunde 12 hivi, na uipunguze hadi ikaribie kutosikika. Nakala hiyo iongeze kushoto kama ilivyo, na kulia iongeze ikiwa imepinduliwa, yaani kilele cha wimbi kiwe bonde. Masikio yatahisi chumba; lakini chaneli zikijumlishwa, nakala hizo mbili zitafutana na mono ya asili itarudi nzima. Lihakikishe hilo kwa kutoa mono ya asili katika nusu ya jumla ya chaneli mbili: kikibaki kimya, umefaulu.

Zipo pia programu za siku hizi zinazotenganisha sauti ya mwimbaji na ala. Binafsi sizitumii kwa taarab, kwa kuwa udi na tashkota, ala ya nyuzi yenye vibonye, huacha mabaki yao ndani ya sauti ya mwimbaji, na mabaki hayo yakisogezwa upande mwingine husikika waziwazi.

Kabla ya kuchapa, pata idhini ya wenye haki, weka mono ya asili pamoja na stirio katika toleo hilohilo, na uandike kwenye jalada kuwa stirio hiyo imetengenezwa baadaye.