Misalaba na mfuko: makuta (pesa) ya mchezo bila kikokotoo

Kwetu Lubumbashi kodi ya nyumba husemwa kwa dola, nyanya kwa franga. Hakuna anayemaliza mwezi akijua ametoa franga ngapi kwa maji ya sashe, lakini dola zilizobaki kila mtu anazijua, hata gizani. Miaka ilipita kabla sijaileta akili hiyo kwenye mchezo wetu wa Jumapili.

Tunacheza Dungeons & Dragons barazani kwetu Katuba, mchezo wa kusimulia kisa ambamo kila mchezaji ana mhusika wake: wachezaji wanne na mimi msimulizi. Kwa kanuni zake shaba 10 ni fedha 1, fedha 10 ni dhahabu 1, dhahabu 10 ni platini 1, na katikati imechomekwa elektramu, nusu ya dhahabu. Siku moja niliwapa hazina niliyoiandaa kwa mapenzi: shaba 2,340, fedha 612, dhahabu 87. Umeme ulikuwa umekatika, simu ya kupigia hesabu inakaribia kuzima. Walipoanza kugawana, mmoja akakumbuka kwamba sarafu 50 zina uzito wa ratili moja. Basi mzigo ule ulipita ratili 60, karibu kilo 28. Nani abebe? Saa nzima ikaisha hapo, na pango nililoliandaa wiki mbili halikuguswa. Yote hayo kwa dhahabu 171 na fedha 6.

Jumapili iliyofuata nilifuta mistari yote mitano ya sarafu kwenye fishi zao, yaani karatasi za wahusika wao, nikaandika miwili tu.

Wa kwanza ni msalaba. Jina nimelitoa kwa ile misalaba ya shaba iliyokuwa makuta ya wazee wa Katanga. Wengine walizikwa nayo kule Sanga, kwenye makaburi ya kale, na mwaka 1961 ilichorwa kwenye sarafu za Katanga. Msalaba mmoja ni dhahabu 10, na hauvunjwi. Deraya kamili ya chuma, ambayo kitabu kinaiuza dhahabu 1,500, ni misalaba 150. Hazina yetu ile ingekuwa misalaba 17: kila mtu minne, mmoja wa pamoja, na mabaki yanywewe. Nusu dakika.

Usiiandike kwa kalamu. Sisi tunatumia vizibo vya bia ya Simba, maana havikosekani. Mchezaji anayefuta namba hahisi kitu. Anayesukuma vizibo vitatu kuvuka meza, huku vimebaki viwili mbele yake, utamwona anasita, anauliza bei tena. Kusita huko ndiko ninakotafuta.

Mstari wa pili ni mfuko, yaani makuta madogo: mishale, kamba, mienge, chakula, kitanda cha usiku. Hauna namba, una dadu. Anza na dadu ya pande 8. Mtu akinunua vitu vidogo mjini, anatupa mara moja kwa manunuzi ya siku nzima, si kwa kila kitu. Ikitoka 1 au 2, dadu inashuka: pande 12 huwa 10, kisha 8, 6, 4. Ikishuka kutoka 4, mfuko umekauka. Kuupandisha hatua moja, toa msalaba. Kitu cha bei ya katikati, kama upanga mrefu wa dhahabu 15, hulipwa msalaba mmoja na kutupa dadu ya mfuko.

Mfuko ukikauka, usimzuie mtu kula. Mwache akope, na muuza duka amwandike kwenye kaye yake, daftari la madeni. Deni la mhusika linanipa kisa kizima bila kuandaa chochote.

Sarafu zenyewe zirudishe pale tu zinapoleta kisa. Hapa dola ikiwa na mpasuko mdogo pembeni, hakuna anayeipokea. Basi na mimi niliwapa mfanyabiashara aliyekataa dhahabu zilizokwanguliwa ukingoni, na wakatumia kikao kizima kumtafuta mkwanguaji. Ile ndiyo hesabu ya makuta inayostahili muda.

Kama mko katikati ya safari, jumlisheni kila kitu kuwa dhahabu, gawa kwa 10, salio lisameheni. Msihamishe shaba moja moja.

Kwa vitu vikubwa tuna likelemba. Kila kikao kila mhusika anatoa misalaba miwili, na mmoja anachukua yote minane kwa zamu. Mpiganaji wetu alikuwa wa kwanza. Akanunua farasi wa kupanda, dhahabu 75, yaani misalaba saba na kutupa dadu, kisha akafa kikao kilichofuata akiwa ameshakula zamu yake. Wenzake walibishana kwa dhati, kama watu wazima wa likelemba ya kweli. Mwishoni wakakubaliana: mhusika mpya wa mchezaji yule atakuwa mdogo wa marehemu. Alifika kijijini kwa miguu, akadai farasi wa kaka yake, na wenzake wakamwonyesha kwanza deni: misalaba sita.