Kupiga picha za michirizi ya nyota ukiwa Nakuru au Kisumu: mipangilio ya kamera

Picha za michirizi ya nyota huonyesha mwendo wa nyota kama mistari; unapiga picha nyingi mfululizo usiku, kisha unaziunganisha kuwa moja. Mafunzo mengi ya picha hizi yameandikiwa watu wa Ulaya na Marekani. Yanakwambia utafute Nyota ya Kaskazini, uielekezee lenzi, usubiri miduara kamili. Huku kwetu kwenye ikweta nyota hiyo imelala chini kabisa kwenye upeo wa macho, nyuma ya vilima na vumbi. Usihangaike nayo. Anga yetu ina umbo lake, nami naona ni zuri kuliko lao: ukielekea kaskazini au kusini unapata upinde, nusu duara iliyokaa juu ya ardhi, ukielekea mashariki au magharibi unapata mistari ya wima.

Mistari hiyo inanyooka katikati tu. Ukitazama mashariki, nyota za upande wa kushoto hujipinda kushoto na za kulia hujipinda kulia. Mwanzoni mwa Desemba, giza likishaingia, nyota tatu za mkanda wa Orioni hupanda wima kama uzi uliovutwa, na Kilimia iliyotangulia huinama kushoto. Piga picha hiyo kabla ya nyingine zote.

Mahali. Kwa upinde, nenda ukingo wa kusini wa Menengai: kreta iko kaskazini mbele yako na mwanga wa mji wa Nakuru uko mgongoni. Taa za mitambo ya mvuke ndani ya kreta zitaonekana, kwa hiyo sogeza fremu mpaka zikae pembeni. Kwa mistari ya wima napenda Kit Mikayi, kwenye barabara ya Kisumu kwenda Bondo, kwa sababu mwamba wenyewe umesimama wima. Watu huenda pale kusali, basi omba ruhusa kwa wanaopatunza kabla ya kufungua tripodi. Popote uendapo usiku, msiwe chini ya watatu.

Kabla ya giza. Funga tripodi, ning'iniza begi katikati yake isitikisike, kisha panga fremu ukiwa bado unaona ardhi. Jua likizama, giza kamili linachukua saa moja na zaidi kidogo.

Fokasi. Hapa ndipo picha nyingi huharibika. Zima fokasi ya otomatiki. Tafuta nyota yenye mwanga mkali, au Mushtarii ikiwa juu, ikuze kwenye skrini mara kumi, zungusha pete polepole mpaka iwe kitone kidogo kabisa. Ukipita, kitone kinavimba, rudi nyuma. Kisha bandika selotepu juu ya pete isisogee. Alama ya mbali kabisa iliyochorwa kwenye lenzi usiiamini.

Mipangilio. Kamera iwe kwenye M (unapanga kila kitu mwenyewe), faili ziwe RAW (picha ghafi, isiyobanwa na kamera). Apecha, yaani tundu la lenzi, f/2.8, au f/3.5 kama ndiyo mwisho wa lenzi yako kufunguka. ISO, yaani wepesi wa kamera kuhisi mwanga, 800 mahali penye mwanga wa mji kwa mbali, 1600 penye giza totoro. Shata, yaani muda wa kupokea mwanga, sekunde 30. Mizani ya weupe iweke kwenye 4000K, usiiache ijiamulie, la sivyo rangi itabadilika katikati ya usiku. Zima kituliza mtikisiko cha lenzi.

Halafu ingia kwenye menyu uzime kipunguza chenga (vidoa vya rangi) cha picha za muda mrefu, Long Exposure NR. Ukikiacha, baada ya kila picha ya sekunde 30 kamera hukaa sekunde 30 nyingine imejifungia, na mchirizi wako unatoka vipande vipande.

Kupiga. Njia rahisi ni rimoti ya waya: weka kamera ipige mfululizo, bonyeza, funga kitufe, ondoa mkono. Ukitumia kihesabu muda (interval timer) cha Nikon, kumbuka kinahesabu kutoka mwanzo wa picha moja hadi mwanzo wa inayofuata, na hizo sekunde 30 kwa kweli hukaribia 32. Weka 33. Kwa saa mbili utapata picha kama 218, na nyota zitakuwa zimesogea digrii 30, maana ni digrii 15 kila saa. Kwa lenzi ya milimita 24 kwenye kamera ya sensa kubwa (full frame) iliyosimamishwa wima, hiyo ni zaidi kidogo ya robo tatu ya nusu ya juu ya picha. Inatosha.

Kuunganisha. StarStaX ni programu ya kompyuta ya bure. Chagua njia inayobakiza mwanga mkali zaidi wa kila nukta, mwagia picha zote, subiri.

Maswali ya wanachama

*Mwalimu, kwa nini nisiache shata wazi saa nzima, nimalize mara moja?* (Nakuru)
Sensa hupata joto na chenga huongezeka, na mwanga wa mji hujaza anga yote. Zaidi ya hayo, bodaboda moja ikikumulika umepoteza saa nzima. Kwa picha nyingi unapoteza moja tu.

*Ndege imepita katikati ya picha zangu. Nifanyeje?* (Kisumu)
Fungua picha hiyo moja, paka rangi nyeusi juu ya mstari wa ndege, kisha unganisha upya. Nyeusi haishindi mwanga wowote, hivyo inapotea yenyewe.

*Huku Kakamega mawingu hayanipi zaidi ya dakika arobaini.*
Basi badilisha lenzi, ndugu yangu. Dakika 40 ni digrii 10. Kwa milimita 14 ni vijistari vifupi, kwa milimita 50 ni mchirizi wa kuridhisha. Mawingu yakiingia, simamisha hapo hapo. Subiri Januari kwa michirizi mirefu.

*Nikiwa Mbita ziwa linajaa taa za wavuvi wa omena. Niende usiku gani?*
Wavuvi wa omena wanapenda usiku usio na mwezi kama sisi, kwa hiyo mtakutana. Ama elekeza kamera upande wa nchi kavu, ama zichukue taa ziwe sehemu ya picha: unganisha picha zote kwa ajili ya anga, lakini kwa ziwa tumia picha moja tu, ili kila mtumbwi ubaki na taa yake moja.