Vijiti vimejaa, intaneti haisogei: kutuliza minara inayoingiliana Lamu

Simama gatini Lamu mjini na simu ya kupimia. Nguvu ya mawimbi ya simu ikisoma -80 dBm (ni nzuri) lakini uwiano wake na kelele uko chini ya 0 dB (kelele, yaani mawimbi ya wengine, imezidi), usiongeze nguvu ya mtambo. Utawazidishia majirani kelele tu. Yamkini mnara jirani unakuingilia, labda wa ng'ambo, kisiwani Manda. Juu ya maji hakuna nyumba wala minazi ya kuyazuia mawimbi.

Anza na mwinamo wa antena. Ikiwa juu mita 30 na unataka mhimili wa mawimbi utue mita 500 kutoka mnarani, inamisha digrii 3.4 hivi. Shusha digrii 1, pima, shusha tena. Tumia mwinamo wa umeme, unaoshusha mawimbi bila kusogeza antena: ukiinamisha antena yenyewe, mbele inashuka ila mawimbi ya mgongoni yanapanda na kumsumbua mwingine.

Kisha kagua namba za seli za 4G (0 hadi 503); seli ni eneo linalohudumiwa na antena za upande mmoja wa mnara. Zigawanye kwa 3. Majirani 150 na 153 wote wanabakiza 0, na kwa seli yenye milango 2 ya antena (njia mbili za kurushia), ishara zao za rejea, ambazo simu huzitumia kupima seli, hugongana. Moja ipe 151, mradi hakuna jirani mwingine anayeitumia. Majirani wawili wakiwa na namba moja, simu inaweza kukatika ikihama seli.