Kabla ya Kukamua Mukinduri Upate Dizeli

Mti wa mukinduri umejaa Nairobi: Karura, Arboretum, kando ya barabara za zamani. Tunda lake gumu kwa kawaida hubeba mbegu tatu, na karibu theluthi ya uzito wa mbegu ni mafuta. Hayaliwi, kwa hiyo anayeyageuza kuwa dizeli hamnyang'anyi mtu chakula. Mimi ningeanza na mti huu, si mbono kaburi, ambao wakulima wengi nchini waliupanda miaka ya 2000 kwa matumaini makubwa wakaambulia mavuno haba. Mbarika nayo ina mafuta mengi, ila ni mazito mno: kwenye nyuzi 40 za Selsiasi, mnato wake unapita ule wa dizeli zaidi ya mara 50.

Omba ruhusa kabla ya kuokota. Karura ni msitu wa serikali.

Halafu shughulikia unyevu, maana hapa ndipo kazi nyingi huharibikia, wiki kadhaa kabla ya mashine kuguswa. Mbegu ikilala mbichi guniani, vimeng'enya na ukungu huyavunja mafuta yakawa asidi huru. Asidi hiyo ikikutana na kostiki soda wakati wa kutengeneza dizeli, unapata sabuni. Kwa hiyo zilizookotwa katika mvua za Aprili au Novemba zitandaze juu ya turubai siku hiyo hiyo, uzipindue, uziingize ndani jioni. Julai usilitegemee jua la Nairobi, tafuta kikaushio. Kuhakikisha, ponda gramu 100, zitie kwenye oveni ya nyuzi 105 mpaka uzito usibadilike tena. Gramu zilizopotea ni maji. Zikizidi 8, endelea kukausha.

Mafundi wa Kamukunji wanaweza kukuundia mashine ya kukamulia ya mkono. Waambie mapema kwamba ganda la nje litatolewa kwanza. Mashine ya namna hiyo huacha mafuta mengi ndani ya mashudu, kwa hiyo ulichopata kwenye ndoo hakikuambii mbegu ilikuwa na kiasi gani. Kipimo cha kweli hufanywa maabara kwa heksani, kiyeyusho cha mafuta, na kifaa cha Soxhlet kinachoyanyonya yote kutoka kwenye mbegu, na huko ndiko kibaki. Mvuke wa heksani ni mzito kuliko hewa. Hutambaa sakafuni mpaka ukute moto. Methanoli, alkoholi utakayoihitaji baadaye pamoja na kostiki kuyageuza mafuta kuwa dizeli, Wakenya tunaijua kwa uchungu: Mei 2014 pombe iliyotiwa kemikali hiyo iliua watu katika kaunti kadhaa na kuwapofusha wengine. Hupenya hata kwenye ngozi, na mwali wake hauonekani vizuri mchana. Kama huna glavu, miwani ya kinga, kizima moto na mahali penye hewa mbali na jiko, usiinunue.

Jifunze kupima asidi mwenyewe. Yeyusha gramu 5 za mafuta katika alkoholi ya isopropili, tia matone ya fenolftaleini (kiashiria kinachobadilika rangi), kisha dondosha potasiamu haidroksaidi ya moli 0.1 kwa lita mpaka rangi ya waridi ibaki. Zidisha mililita ulizotumia kwa 5.61, ugawe kwa 5. Ukitumia mililita 3.6 unapata namba ya asidi ya takriban 4, yaani asidi huru karibu asilimia 2. Ikipita hapo, punguza asidi kwanza; usikimbilie kostiki. Dizeli iliyokamilika inatakiwa namba yake ya asidi isizidi 0.5.

Mnato na joto la kushika moto waachie wenye vifaa. KEBS (shirika la viwango) na KIRDI (taasisi ya utafiti wa viwanda) zote ziko South C, kaulize ada na kiasi cha sampuli wanachotaka. Uliza pia kama matokeo yamerekebishwa kwa mwinuko. Nairobi iko karibu mita 1,700 juu ya bahari, maji huchemka kwenye nyuzi 94 hivi, na dizeli yako itashika moto takriban nyuzi 5 chini kuliko ingeshika Mombasa. Kiwango cha Ulaya cha dizeli ya mimea kinadai angalau nyuzi 101, na pengo hilo linaweza kukuangusha bure. Kuuza ni suala jingine, linalosimamiwa na EPRA, mamlaka ya nishati na petroli, chini ya Sheria ya Nishati ya 2019.

Sampuli ijazwe mpaka shingoni katika chupa ya kioo cheusi, iandikwe tarehe ya kuokota na ya kukamua. Nusu ipeleke maabara, nusu ihifadhi penye giza, matokeo yakibishaniwa ipimwe tena.